Uzoefu wangu na Vitz piston tatu: gari sina ugomvi nalo, yadi ndiyo siisamehi

Kabla hujaniuliza lita moja inakwenda kilomita ngapi, nikujibu kabisa: inakwenda vizuri, mafuta halili, na hilo silo lililonifanya niandike. Kilichonifanya niandike ni kaka mmoja wa yadi ya magari hapa Mbeya, anayevaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha, aliyeniambia mbele ya wateja wengine: "Mwambie aliyekununulia ndiyo aje, wewe hata nikikueleza hutanielewa."

Aliyeninunulia! Nimemaliza chuo juzijuzi. Nafanya kazi ya kuwazungukia wakulima wa parachichi Rungwe. Bodi ya Mikopo inanikata asilimia 15 ya mshahara hata sijauona, na kilichobaki nimekigawa kati ya upatu wa ofisini na SACCOS mpaka hela ya gari ikatimia. Aliyenunua ni mimi. Risiti ina jina langu, kadi ina jina langu, na siku ya kulipa huyohuyo kaka alizihesabu noti zangu kwa kulamba kidole bila kuuliza zimetoka kwa nani.

Ngoja nianze na gari, maana nikianza na huyu mtu hatutafika.

Ukiwa umeajiriwa juzi na unatafuta gari dogo lisilokula mafuta, uchaguzi wenyewe ni mfupi. Kuna Passo, kuna Vitz, kuna IST, na kuna Alto kwa wenye roho ngumu. Kila mtu atakushauri lile analoendesha yeye. Mjomba wangu, dereva wa lori wa siku nyingi njia ya Tunduma, alinikazania IST ya zamani: "Ile ina gia boksi ya kawaida, mama, gia nne, hata fundi wa Ilomba ukimwamsha usingizini anaitengeneza." Rafiki yangu wa kazini ana Passo na anaisifia mpaka inachosha. Mimi moyo ulikuwa kwenye Vitz, ile ya kati ya mwaka 2005 na 2010, yenye injini ya cc 996 ambayo mtaani tunaiita 990. Gari lisilozidi cc 1000 halitozwi ushuru wa bidhaa kwa ajili ya ukubwa wa injini. Ule wa uchakavu, asilimia 30 kwa gari lililopita miaka 10, huukwepi, kwa sababu Vitz zote za toleo hilo zimeshaupita umri huo. Hata hivyo hesabu ilikubali.

Halafu mafuta. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, wale wanaopanga bei ya mafuta, wakitoa bei mpya, mimi ni kati ya watu wanaoisoma kabla ya chai. Bei yetu Mbeya haiwezi kuwa ya Dar, maana mafuta yanapanda huku na malori na usafiri wake tunaulipa sisi. Kampuni inanilipa kwa kilomita, kiwango kimoja kwa wote. Mwenye gari kubwa anaongezea mfukoni mwake, mwenye gari dogo anabakiwa na chochote. Hicho chochote ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Nilitaka pia namba E, yaani usajili mpya, gari ambalo halijateswa na barabara zetu. Yadi walikuwa nalo, la fedha, siti safi, bado lina vikaratasi vya Kijapani kwenye kioo. Wakati huo miwani ya jua alikuwa na adabu zake. Nilikuwa "dada yangu msomi". Nikaletewa soda. Nikaambiwa service wameshafanya yote, oili ya injini, oili ya gia boksi, filta, mimi ni kuwasha na kwenda. Tena wakati natoka akaniwekea kwenye buti dumu la oili iliyobaki: "Hii ni mali yako, usije ukasema tumekuibia." Nikamshukuru! Naomba msomaji alikumbuke hilo dumu.

Wiki za mwanzo nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa naamka Jumapili naliosha gari lisilo na vumbi. Mjini, kutoka Forest hadi Mwanjelwa hadi Uyole, mshale wa mafuta ulikuwa kama umegundishwa. Niliwaambia watu wote ofisini waachane na magari yao. Mlimani linachoka, hilo silifichi, na wala si kosa la mtu. Wajapani zile kilomita zao kwa lita walizipima kwenye mashine, matairi yanazunguka gari likiwa ndani ya jengo, na ndani ya jengo hakuna mlima wa Isyonje. Injini isiyo na tabo, ile feni ya kuisukumia hewa, hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mbeya yenyewe iko kwenye mita 1,700, na pale juu Isyonje umeshapita 2,000. Kwa hiyo piston tatu zinapanda zikiwa zimeshapunguziwa pumzi. Unawasha indiketa, unakaa kushoto, unaacha Costa zipite. Kiyoyozi unazima, ingawa kwa baridi ya huku kiyoyozi cha nini?

Sasa siku yenyewe. Natoka Tukuyu jioni, nimeipita Kiwira, naanza kupanda. Ukungu umeshuka, na mvua ya Rungwe mnaijua, haiulizi msimu. Mbele semi la kutoka mpakani Kasumulu, nyuma lori la ndizi. Gari likaanza kutetemeka. Nikikanyaga mafuta, injini inalia, mwendo hauongezeki. Nikiachia, linashtuka mbele kidogo halafu linazubaa tena. Ikaja harufu, si ya tairi wala ya kluchi, ni harufu ya kitu cha jikoni kilichoungulia chini ya sufuria. Halafu likasimama kabisa, na taratibu likaanza kurudi nyuma, kuelekea lile lori la ndizi.

Utingo wa lori aliruka chini kabla sijajua nifanye nini na hendibreki. "Anti, kanyaga breki, usiachie!" Akaweka jiwe nyuma ya tairi, kisha jingine, akavunja matawi akayapanga barabarani huku na huku kuwazuia wanaokuja. Kazi yote aliifanya bila kofia kwenye ile mvua. Nilipotaka kumpa chochote akasema nikinunua ndizi siku nyingine yatosha. Mama mmoja aliyekuwa anauza viazi na kabichi chini ya turubai akaniita nikae kwake. "Pole mwaya, njoo uote moto." Nikakaa kwenye gunia, meno yanagongana, namtazama gari wangu mpya akitoa mvuke chini ya boneti. Ndiyo, nimesema "namtazama". Alikuwa amenikosea kama mtu.

Lilipopoa tuliteremka nalo Uyole taratibu sana, lori la ndizi likinifuata nyuma na taa za dharura. Asubuhi nikawa kwa fundi, mzee mmoja ambaye mjomba ananunua vipuri kwa maneno yake tu. Hakufungua kitu. Aliuliza kwanza: "Oili ya gia boksi nani amebadilisha?" Nikasema yadi. "Ipi waliyoweka?" Hapo ndipo nikalikumbuka dumu. Nikafungua buti, nikamkabidhi. Akalifuta matope kwa kiganja, akasoma kwa kidole, herufi moja moja: A, T, F. Akanyamaza. Akalisoma tena.

"Mwanangu, humu ndani hakuna gia."

Akanieleza, na nakuelezea wewe kwa sababu kule yadi niliambiwa sitaelewa. Gia boksi ya Vitz hii ni CVT. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma katikati. Puli zinapanuka na kubana, ndiyo maana gari halishtuki linapobadilisha mwendo. Mkanda huo unashika kwa sababu oili yake imetengenezwa ishike chuma kwa chuma huku ikilainisha, na kwa Vitz za toleo langu Toyota wameitaja kabisa, CVT Fluid TC. Ukiweka ATF, ambayo ni ya gia boksi za kawaida kama ile ya IST ya mjomba, mkanda unateleza. Tambarare huenda usigundue. Mlimani, mzigo ukizidi, unateleza zaidi, unachemka, unakwangua puli. Alipofungua sampo, lile bakuli la oili chini ya gia boksi, akanionyesha sumaku ndogo za chini zinazokamata mabaki. Zilikuwa zimejaa unga wa kijivu. Akausugua kati ya vidole viwili, akaniambia niguse na mimi. Ni laini kuliko nilivyodhani. Ule ndio mshahara wangu, nikawaza, umesagwa.

Nikaenda yadi na dumu mkononi. Sikwenda kugombana, naapa. Nilivaa hata nguo za kazini.

Majibu niliyopata, kwa mpangilio: kwanza, "Oili ni oili, dada." Pili, safari zangu za mlimani zinataka dereva mzoefu. Tatu, nimelipeleka kwa fundi wa mtaani kalichokonoa, sasa nawarudishia wao ubovu. Nne, karatasi niliyosaini inasema gari likishatoka getini hakuna malalamiko. Nikamwambia malalamiko yangu ni kitu mlichomimina gari likiwa bado ndani ya geti. Ndipo akavua miwani, mara ya kwanza kuyaona macho yake, akasema lile neno la aliyeninunulia. Wenzake wakacheka. Mzee mmoja aliyekuwa anakagua Noah akajifanya hajasikia. Hakuna aliyeniita dada yangu msomi siku hiyo.

Kijana anayeosha magari ndiye aliyenifuata hadi barabarani, akijifanya anamwaga maji. "Dada, oili huwa tunanunua moja, tunamimina hiyohiyo kwenye zote." Kwenye zote! Fikiria walionunua pale kabla yangu, wako wapi sasa hivi, wanadhani Vitz ni gari bovu, wanalalamikia Wajapani.

Oili sahihi sikuipata kwenye maduka niliyoyapitia Mwanjelwa na Kabwe. Kwingine nilioneshwa kopo lenye jina linalofanana, fundi akalikataa bila kulifungua. Niliagiza Dar ikaja na basi. Fundi akamwaga ya kwanza, akaweka, akaniambia niendeshe siku chache mjini, akamwaga tena akaweka nyingine, na filta mpya. Gharama yake sitaji kwa sababu mama yangu huwa anasoma. Gari limerudi. Mtetemo umebaki kidogo tu, pale unapoondoka kwenye taa, na fundi anasema huo tutaishi nao au siku moja tutanunua gia boksi nyingine. Akasema "tutanunua", kama vile tutachangishana.

Kwa hiyo ushauri wangu? Usinunue gari la CVT kama unaishi huku juu. Chukua IST ya zamani, mjomba alikuwa anajua anachosema, wala usimwambie kwamba nimeandika hivi.

Hapana, subiri. Hilo nalo si haki. Tangu liwekewe oili yake nimeshapanda Isyonje nikiwa na wakulima watatu na sampuli za parachichi buti nzima, na limepanda. Polepole, kwa heshima zote, lakini limepanda, na mwisho wa mwezi nimebakiwa na hela ya mafuta, huku mwenye Passo akinikopa. Ukinunua, fungua gia boksi kabla hujatoka getini, simama na fundi wako mwenyewe, oili unayoitaka uje nayo mkononi. Wakikukatalia, ondoka. Wakikuletea soda, ondoka pia.

Yadi ile sitaitaja. Barua nimeiandika kwenda Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji, na "service tumefanya yote" kwangu mimi ni udanganyifu. Nimeambatanisha picha ya dumu. Wakati mwingine nikipita pale nampigia honi yule kaka, honi ndefu, na yeye anajua ni nani.

Jirani yangu ameniuliza juzi nauza shilingi ngapi, mwanaye amepata ajira Chunya. Nimemtajia bei ya kipuuzi, kubwa kuliko niliyonunulia, ili aachane nalo. Amesema atafikiria. Akirudi na hiyo hela kweli, sijui nitamwambia nini.