Pampu ya miguu, mpira wa matone au sola? Ijue kwanza chokaa ya kisima chako

Lalamiko ni lile lile kila kiangazi. Mpira wa matone, ule wenye matundu ya kudondoshea maji miche, msimu wa kwanza ulinawirisha tungule, msimu wa pili mstari mmoja una miche mibichi huku na mikavu kule. Mkulima anakagua pampu, anafuta paneli, anamlaumu fundi. Kumbe matundu yamejaa chokaa.

Visima vya maweni, kutoka Paje mpaka Makunduchi huku Unguja, maji yake yamepita kwenye mawe ya matumbawe na yamebeba chokaa iliyoyeyuka. Yakibaki ndani ya mpira mweusi juani yanapata moto, yanakauka mdomoni mwa tundu, chokaa inaganda. Kupima ni rahisi. Dondosha maji ya kisima kwenye sahani nyeusi, anika mpaka yakauke, kisha kamulia ndimu juu ya ule weupe. Ukitoa vipovu ni chokaa. Ukiyeyuka kimya kimya, hiyo ni chumvi, na hakuna mpira unaoiondoa.

Kwa robo eka kushuka chini, naweka mbele pampu ya miguu ya MoneyMaker pamoja na mpira wa kawaida wa kumwagilia, na sifichi kwamba naipendelea. Haina tundu la kuzibwa na chokaa wala saketi ya kuliwa na hewa ya bahari. Ila inavuta kutoka juu, kwa hiyo maji yakiwa chini zaidi ya mita 7 hayapandi hata ukanyage mpaka magharibi; teremsha kamba yenye jiwe upime kabla hujalipa. Kinachokufa mapema ni vikombe vya mpira vya pistoni, maana mchanga huvila na pampu ikaanza kunyonya hewa. Chukua jozi ya akiba siku hiyo hiyo, funga wavu mdomoni mwa mpira wa kuvutia, na uuning'inize nusu mita juu ya sakafu ya kisima.

Wa pili ni mpira wa matone. Robo eka yenye mistari ya mita moja moja inakula kama mita 1,000, na tundu kila sentimita 30 ni matundu zaidi ya 3,300 ya kuchunga. Chujio cha visahani cha mikroni 130 ni lazima, lakini kinashika mchanga na magamba tu. Chokaa iliyoyeyuka inapita. Kwa hiyo mwagilia jioni, funika mipira kwa majani makavu, na kila wiki fungua ncha zote mpaka maji yatoke safi. Usitie mbolea ya DAP kwenye tangi linalolisha mipira: fosfeti yake ikikutana na chokaa hugeuka tope. Baada ya mavuno, koroga kilo 1 ya ndimu ya unga (asidi ya sitriki) kwenye pipa la lita 200, jaza mipira (pipa moja latosha mita 1,000 za milimita 16), acha usiku kucha, asubuhi fungua ncha.

Na hapa wauzaji wananiudhi. Wanakuuzia “seti kamili” isiyo na chujio, na lita zilizoandikwa kwenye boksi ni za presha ya tangi lililoinuliwa mita 10. Wewe umejenga kichanja cha mita 1, unapata kama theluthi tu ya lita zile. Nani dukani aliyewahi kukwambia? Bei wanaitaja kwanza, urefu wa kichanja hawautaji kabisa.

Pampu ya sola ninaiweka ya tatu, ingawa kisima kikiwa kirefu ndiyo ya kununua. Usinunue kwa wati za paneli. Uliza inatoa lita ngapi kwa saa kwa kina cha kisima chako. Karibu na pwani chukua ndogo. Maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari, na pampu kubwa ikivuta kutwa inayapandisha ya chini. Mchicha utakwambia kwa ncha za majani kuungua.

Pampu ya petroli ina kasi, ila kila jioni inadai mafuta.

Keni ya kumwagilia kwa mkono? Tuta la mita 1 kwa 10 linataka keni tano za lita 10 kwa siku ya kiangazi. Matuta kumi ni safari hamsini.