Kompyuta ya Mezani Imegoma Kuwaka: Pawa Saplai Ipi Ununue Mwanza

Usiku mmoja umeme ulikatika na kurudi mara tatu mfululizo. Asubuhi nikafungua steshenari yangu Igoma, nikabonyeza kitufe cha kompyuta, kimya. Nikapanda daladala hadi mjini, nikanunua pawa saplai mpya (lile kopo la chuma linalogawa umeme ndani ya kompyuta), boksi linang'aa, limeandikwa wati 500. Ilidumu wiki tatu. Ilipokufa nikaishika kwa mkono mmoja na ile ya zamani kwa mkono mwingine: mpya ilikuwa nyepesi kama kopo tupu la maziwa. Tangu siku hiyo sinunui kifaa hiki kwa kusoma maandishi ya boksi.

Kabla ya kutoa hela, hakikisha kweli pawa saplai ndiyo iliyokufa. Kama feni zinazunguka ila skrini ni giza na mashine inapiga mlio, chomoa RAM (kile kibao chembamba cha kumbukumbu), sugua meno yake kwa kifutio cha penseli, kisha irudishe mpaka ibane. Toa na uchafu: sisi wa kando ya ziwa tunawajua wale wadudu wadogo wanaovamia taa usiku, nao hulundikana kwenye feni wakachanganyika na vumbi. Kama saa inarudi nyuma kila unapowasha, badilisha betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu iliyo ndani ya mashine. Ni ya volti 3, inapatikana hata kwa mafundi saa, na hakuna kifaa cha bei ndogo kuliko hicho katika kazi hii yote.

Mashine ikiwa kimya kabisa, chomoa waya wa ukutani. Kama plagi ndefu inayoingia kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta) ni ya pini 24, kwa kawaida ina waya mmoja tu wa kijani. Ing'oe plagi hiyo, unganisha kijani na mweusi wowote kwa klipu ya karatasi, acha mkono, ndipo uwashe umeme. Feni ya pawa saplai isipozunguka, mara nyingi imekwisha. Ikizunguka, usiipe hati safi bado. Ipe mzigo kidogo, hata kwa kuichomekea hadi diski kuukuu (kile kifaa cha kuhifadhia mafaili), kisha pima kwa malti mita: waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Kopo lenyewe usilifungue. Kapasita kubwa iliyomo (kile kikopo kinachotunza umeme) inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa.

Ninayoiweka namba moja ni pawa saplai ya mtumba, orijino, iliyong'olewa kwenye mashine ya ofisi. Ni nzito, imeundwa kufanya kazi kutwa nzima, na wati zake 240 hadi 300 ni za kweli. Kwa kuchapa, kuprinti na kutoa kopi zinatosha. Lakini nenda dukani umebeba ile iliyokufa. Dell OptiPlex 7020 na 9020 zinatumia plagi ya pini 8, HP EliteDesk nyingi pini 6, Lenovo nyingi za ofisi pini 14, na haziingiliani. Kwa anayetoka Ukerewe, kukosea hapo ni nauli nyingine ya meli.

Muuzaji akikupa, mulika tochi ya simu kwenye matundu. Vichwa vya kapasita viwe bapa, visiwe vimevimba wala kutoa majimaji ya kahawia. Inuse, harufu ya kuungua haijifichi. Kisha tazama nyuma kama kuna swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230. Mtumba uliotoka Marekani unaweza kuwa umeachwa kwenye 115, na ukiuchomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 utasikia mlipuko mmoja, basi. Isogeze kwanza, kisha mwambie fundi aiwashe mbele yako kabla hujalipa.

Namba mbili ni mpya ya kampuni inayojulikana, kama Corsair, Seasonic au Cooler Master, yenye alama ya 80 Plus, ya kutopoteza umeme mwingi. Kwa mwenye kadi ya michoro ya kuhariri video, hii ndiyo ya kwanza. Kwa mashine kuukuu ya steshenari bei yake inaweza kukaribia ya mashine nzima, na nyingi haziingii kwenye zile plagi za pini 6 au 8 bila waya wa kuunganishia.

Namba tatu, nunua mashine nzima ya mtumba, ikiwa madabodi nayo ina kapasita zilizovimba. Hapo tafuta yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, maana Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 haizikubali rasmi karibu zote zilizo chini ya hapo. Hadi diski yako ya zamani ihamishie humo, kazi za wateja zisipotee.

La mwisho kabisa ni lile boksi jipya jepesi. Soma karatasi iliyobandikwa ubavuni, mstari wa volti 12. Yangu iliandikwa ampea 14. Zidisha mara 12 upate wati 168, wakati juu imejisifu 500. Hata likiuzwa nusu bei, liache.

Hela ikibaki, nunua UPS (boksi la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika) kabla ya kitu kingine chochote. Bila UPS, umeme ukikatika chomoa plagi ukutani, na ukirudi subiri dakika kama tano utulie. Mimi ninayo UPS sasa, na bado kila jioni, kabla ya kushusha shata, naichomoa.