Carina yangu ililia kama cherehani: fundi aliyetaka gari ilale kwake

Ilianza mwezi wa Ramadhani. Nikiwasha baada ya alfajiri, injini inalia tik-tik-tik, nikikanyaga mafuta na mlio nao unakwenda mbio. Hapa Pemba, nikitoka Wete, sijafika nusu ya njia ya Chake Chake mlio ushanyamaza. Kesho yake vile vile.

Gereji ya kwanza, siitaji, nilifika saa sita mchana, injini moto. Kijana wa pale mlio wenyewe hakuusikia, nilimuigizia kwa mdomo! Akasema beringi za konrodi (mikono inayoshika pistoni) zimekwisha, nianze kutafuta injini nyengine, lakini kwanza tujaribu oili nzito na dawa ya kuchanganya. Elfu tisini na tano zikenda, mlio ukabaki.

Shemeji akanielekeza kwa fundi mmoja Machomane, gereji ya chini ya mwembe. Swali lake la kwanza: "Sheikh, inalia ikiwa baridi au ikishapata moto?" Nikamwambia baridi. "Basi iache ilale hapa, asubuhi saa kumi na mbili na nusu uwepo." Nilikereka, lakini nikaiacha.

Asubuhi akachomoa kijiti cha oili, imejaa. Akawasha. Akachukua bisbisi refu, ncha kwenye kifuniko cha valvu, mpini sikioni, kisha akanipa na mimi. Kulikuwa na mchapo mwepesi tu wa tapeti (vyuma vinavyosukuma valvu). Akasogea kwenye nozeli zinazopulizia mafuta, zikachapa zaidi, akasema huo ndio mlio wao wa kawaida. Akashika koleo yenye mpini wa mpira, akawa anachomoa waya za plagi mmoja mmoja na kurudisha, kila silinda izimike kwa zamu. Kufika silinda ya 4, mlio ukafa.

Moyo ulinipasuka, nikajua ndiyo hiyo beringi aliyoisema yule kijana. Yeye akacheka. Beringi iliyokwisha, alisema, hugonga zaidi injini ikipata moto, kwa sababu oili inakuwa nyepesi. Hii yako inanyamaza, basi kuna chuma kinachotanuka kikaziba tundu. Akatia kipande cha mpira wa maji sikioni, akapitisha ncha ya pili kwenye manifoldi ya ekzosi, bomba linalopokea moshi wa silinda. Nami nikasikia: pss, pss, pss. Alipofungua bati la kukinga moto, masizi meusi yametanda pale silinda ya 4 na studi moja (boliti inayolikaza bomba hilo) imekatika, kutu tupu. Gari yangu hulala nje, hatua chache na bahari.

Nilimuomba apime na tapeti maadamu injini ni baridi. Akazipitisha zote kwa filageji (vibati vya kupimia nafasi), za kuvuta hewa na za kutoa moshi. Zote zimo kwenye kipimo.

Bei elfu sabini, pamoja na gasketi na studi mpya. Mlio hakuna tena, na leo ni mwezi wa tatu.

Lakini na yake yapo. Aliahidi siku moja, zikawa tatu: kipande cha studi kiligoma kutoka mpaka kikatobolewa kwa drili, na gasketi ikasubiriwa boti ya Unguja. Risiti hatoi. Na lile bati amelirudisha kwa skrubu tatu badala ya nne, kila nikipita kwenye mashimo linanipigia ngoma. Nimempigia simu, kasema nipite Jumamosi.