Themomita ya shira ya mepo: niliyoinunua na ninavyoiseti kabla ya kupika

Nianze na maandishi ya kwenye boksi: usahihi wake ni digrii 2 za Farenhaiti juu au chini. Kwa mtu anayechoma nyama, digrii 2 si kitu. Kwa anayepika shira ya mepo, yaani utomvu wa mti wa mepo uliochemshwa mpaka ukakolea, hapa jimbo la Vermont, Marekani, digrii 2 ni balaa. Sheria ya jimbo inataka shira iwe na sukari isiyopungua asilimia 66.9, na ikipita 68.9 nayo haifai kuuzwa. Kutoka namba ya kwanza hadi ya pili, sufuria ikiwa inachemka, ni kama digrii moja tu ya Farenhaiti. Ina maana themomita mpya, isiyo na kasoro yoyote, inaweza kukuambia shira imeiva wakati bado ni maji matamu. Shira nyepesi namna hiyo huchachuka au kuota ukungu kabatini. Ikizidi kukolea, inaganda mawe ya sukari chini ya chupa. Na ukikumbuka kwamba lita 40 hivi za utomvu zinakupa lita moja tu ya shira, hutaki kubahatisha.

Hata hivyo nimeinunua na siijutii. Sababu ni nati.

Themomita yenyewe ni ya mshale, ina uso wa mviringo kama saa ya ukutani ndogo, na shina refu la chuma kisichoshika kutu. Nilitoa dola 30 na kitu. Pale shina linapokutana na uso, kwa nyuma, pana nati ya pembe sita. Unaishika kwa spana, unazungusha uso kwa mkono mwingine, na mshale unahama. Ni ngumu kidogo ikiwa mpya, kisha ikilegea inaenda kwa ghafla, basi zungusha kidogo kidogo. Themomita nyingi za bei rahisi hazina nati hiyo, au wamebandika kitu kinachofanana nayo lakini hakizunguki. Kabla hujalipa, ijaribu kwa vidole.

Namna ninavyoiseti ni hii. Nachemsha maji kwenye sufuria ndogo mpaka yanatokota kwelikweli, si yale mapovu madogo ya pembeni. Natumbukiza shina bila kugusa chini, kwa sababu chuma cha sufuria kina joto lake. Nasubiri mshale utulie. Hapo sitafuti 212 za Farenhaiti, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Hiyo 212 ni ya usawa wa bahari, siku ya hewa ya kawaida. Sisi tunakaa mlimani, futi 1,500 hivi, na huku maji huchemka karibu na 209; mshale ukiwa mbali na hapo, ndipo nauleta kwa ile nati. Aliyepika maharage Mombasa akaja kuyapika Nairobi anaelewa: Nairobi maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi, na ndiyo maana maharage yanakawia kuiva.

Shira ya mepo inaiva kama digrii 7 za Farenhaiti juu ya pale maji yanapochemka. Popote ulipo, siku yoyote. Kwa hiyo namba unayohitaji kuijua ni ya maji ya leo, kisha unajumlisha 7. Ziko themomita za wapika mepo ambazo zimeandikwa sifuri pale maji yanapochemka na alama nyekundu kwenye 7. Ukishaweka sifuri kwenye maji yako, hakuna hesabu tena. Yangu ina namba za kawaida, basi naandika namba ya siku kwenye utepe wa karatasi ukutani, juu ya jiko.

Nasema namba ya siku kwa makusudi. Dhoruba ya theluji ikikaribia, mgandamizo wa hewa unashuka na maji yanachemka mapema zaidi. Kati ya siku ya anga safi na siku ya dhoruba, tofauti inaweza kufika digrii moja na hata kuzidi, nawe umeshaona digrii moja inavyoweza kufanya. Msimu wenyewe, kati ya Februari na Aprili, ni wa hali ya hewa kigeugeu: utomvu hautoki mpaka usiku ugande na mchana uyeyuke. Ukipika kutwa nzima, pima maji asubuhi na upime tena jioni. Usipotaka kuwasha jiko la pili, utomvu mbichi wa asilimia 2 ya sukari unachemka karibu sawa kabisa na maji, kwa hiyo waweza kuusomea huohuo unapoanza kutokota.

Barafu? Wapo wanaoseti kwa maji ya barafu, kwenye 32. Ni kipimo kizuri kwa themomita ya friji. Yetu inafanya kazi kule juu kwenye 216, na mshale unaweza kuwa sawa kwenye barafu ukawa umepotoka kwenye moto.

Sasa lawama. Kinachopima joto kwenye themomita ya mshale ni koili iliyo ndani ya shina, sehemu ya chini, kama inchi 2 hivi. Sehemu hiyo yote lazima izame. Mwisho wa kupika, shira ikiwa imebaki kidogo kwenye sufuria pana, nusu ya koili inabaki kwenye mvuke na mshale unakudanganya. Dawa yake ni kumalizia kwenye sufuria nyembamba yenye kina. Jambo la pili, mvuke umeingia ndani ya kioo, na nikiinama kusoma naona ukungu kwanza, namba baadaye. Kitabu cha maelekezo kinadai haiingizi maji.

Nilikuwa pia na ya dijitali yenye waya. Inasoma haraka, inatoa hadi nukta, na haihitaji kina kirefu. Lakini hairekebishiki, na ilikuwa inajizima yenyewe kila baada ya muda mfupi, sana sana pale povu linapopanda nawe una kipande cha siagi mkononi cha kulituliza. Mkiwa na ya dijitali isiyojizima, tumieni, andikeni tu namba ya maji. Ile ya kulenga kwa miale msijisumbue nayo, inasoma mvuke na povu la juu.

Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Tanga aliiangalia ile saa yangu akacheka. "Mwanangu, shira nayo siku hizi inapimwa kwa saa?" Akachovya kijiko, akaweka tone kati ya vidole, akasubiri livute uzi kama shira ya kaimati. Uzi haukuja, akaniambia niongeze moto. Nilimjibu kwa adabu kwamba ya kaimati hupikwa mpaka ikolee kupita hii, na ya mepo ikifika kwenye uzi imeshapita, itaganda. Hakuridhika, ila mandazi aliyachovya vizuri tu.

Anayeuza asitegemee themomita peke yake. Themomita inakuambia umekaribia; wa kuamua ni haidromita, kile kijiti cha kioo cha kupimia ukolevu kinachoelea kwenye kikombe kirefu cha shira, chenye mstari mmoja wa shira ya moto na mwingine wa shira iliyopoa. Kioshe kwa maji ya moto kila ukimaliza, maana shira ikikaukia juu yake inakiongezea uzito na kitasoma uongo.

Nyota nne kwa themomita ya mshale. Ya tano nimeizuia kwa ule ukungu wa kwenye kioo.