Kompyuta ya kituo cha pampu na saa ya ulinzi iliyofungwa
Kompyuta ndogo ya kiwandani niliyoinunua katika duka moja mjini Unguja, kwa ajili ya kituo chetu cha pampu Makangale, kaskazini mwa Pemba, imenikasirisha kuliko kifaa chochote nilichowahi kukitia mkononi. Nilikubali bei yake kwa sababu moja tu: niliambiwa ina wochidogi ya maunzi, yaani saa inayohesabu kurudi nyuma na kuiwasha upya mashine pindi mfumo unapoganda na kushindwa kuirudisha mwanzo kwa wakati. Muuzaji ndiye aliyeweka mfumo wa uendeshaji wa Linux ndani yake, akanihakikishia kwamba ameshaijaribu. Kwa kituo ambacho fundi hakifiki ila kwa daladala ya Wete hadi Konde, kisha bodaboda, kitu hicho si pambo.

Usiku mmoja wa masika umeme uliyumba na mashine ikaganda. Haikujiwasha. Ilibaki vivyo hivyo mpaka mchana, taa yake ya kijani ikiwaka vizuri kabisa, huku tangi likikauka na akina mama wakirudi na ndoo tupu. Nilipofika niliiwasha kwa mkono, nikasoma kumbukumbu za mfumo. Draiva (programu ya kuongoza kifaa) ya iTCO_wdt, inayoendesha saa hiyo ya ulinzi iliyomo ndani ya chipseti za Intel, yaani chipu kuu za bodi, ilikuwa imeandika wazi kwamba imeshindwa kuiondoa alama ya NO_REBOOT, na kwamba kifaa kimezuiwa na maunzi au bayosi, ile programu ya kwanza kuamka mashine inapowashwa. Maana yake ni kwamba saa ipo, lakini imekatazwa kuiwasha upya mashine, na katazo hilo limefungwa mahali ambapo mfumo wa uendeshaji hauna uwezo wa kulifungua. Draiva ikakataa kujisajili, na kwa kufanya hivyo ikasema kweli ambayo muuzaji hakuisema.

Nilimpigia simu. Nilimsalimia kwa adabu, nikaanza kumsomea ule mstari, na kabla sijafika katikati akanikatiza: “Mzee, huko kwenu shamba tatizo ni umeme. Zima, washa, utaona.” Nikamuuliza kama mtengenezaji ana toleo jipya la bayosi. Akajibu kwamba wateja wote wananunua na hakuna aliyewahi kulalamika, kisha akakata simu bila kuaga. Nina umri wa kumzaa.

Niliazimia kuirudisha kwa meli ya kwanza. Kulikuwa na njia ya softdog, lakini hiyo ni saa ya programu inayoishi ndani ya keneli (kiini cha Linux) ileile inayoganda, na keneli ikifa kabisa hufa nayo. Lakini nilipoifungua mashine nikaona kwenye bodi chipu ya kampuni ya ITE, ambayo nayo ina wochidogi yake, na Linux ina draiva yake, it87_wdt. Draiva hiyo haipakiwi yenyewe, kwa kuwa chipu hiyo haijitangazi kwa mfumo kama vifaa vya PCI (njia ya kuunganisha vifaa kwenye bodi) vinavyofanya. Lazima mtu aitaje kwa jina. Nikaitaja, nikaipa sekunde 60, nikaiachia systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, kazi ya kuirudisha saa mwanzo, kisha nikaiangusha keneli kwa makusudi. Skrini ikasimama. Baada ya muda ikawa nyeusi, na mashine ikajiwasha yenyewe. Nilifurahi mno, nikawaita vijana wa kituo waje waone jaribio la pili.

Kwa hiyo mashine ni nzuri, na nilikuwa tayari kuisifu bila kinyongo. Waandishi wa draiva ile, popote walipo, nawashukuru kwa dhati. Lakini kila nikiifikiria simu ile sifa zinanitoka, kwa sababu dawa ilikuwa juu ya bodi aliyoiuza yeye mwenyewe na hakuijua wala hakutaka kuitafuta. Mashine itabaki Makangale. Anayetaka kununua kama hii amwambie muuzaji aigandishe mbele yake kabla ya kupokea fedha, na asiondoke mpaka aione imeamka. Akikataa, basi fedha zibaki mfukoni. Mimi dukani kwake sirudi.