Kulanti nyekundu au pinki? Tathmini kwa wenye Toyota za zamani

Ingia duka lolote la spea Gerezani, Kariakoo, au Kirinyaga Road kule Nairobi, useme unataka kulanti, kile kimiminika cha kupoza injini, ya Corolla 110. Utaulizwa kwanza, "Ya rangi gani?" Ukisema kijani unapewa kijani, ukisema nyekundu unapewa nyekundu, na hakuna anayegeuza galoni kusoma mgongoni. Rangi ya kulanti ni ya kutiwa tu, kama ya soda. Huko Japani kwenyewe kulanti ya kawaida ya muda mrefu huuzwa ya nyekundu na ya kijani, na dawa iliyomo ni ya jamii moja. Kijani cha Kijapani na kijani cha zamani cha Kimarekani, kwa upande mwingine, ukivitia kwenye glasi huwezi kuvitenganisha kwa macho, ilhali ndani ni vitu viwili mbalimbali.

Kinachotenganisha kulanti na kulanti ni dawa ya kuzuia kutu. Zile za Kijapani hutumia fosfeti pamoja na asidi za ogani, bila silikati. Silikati hulinda alumini haraka, lakini Wajapani huikwepa kwa kuhofia chembe zake zisikwangue sili ya wota pampu. Ulaya walishika njia nyingine: maji yao mengi yana chokaa, na fosfeti ikikutana na chokaa hugeuka ukoko, basi wao wakaiacha fosfeti. Kwa hiyo kulanti ya Volkswagen si mbovu, ni ya gari lingine. Vitz, IST, Probox, Corolla, Noah, zote zinataka yenye fosfeti isiyo na silikati. Maneno ya kutafuta kwenye galoni ni "silicate free", au "Asian vehicles", au kiwango cha Kijapani JIS K 2234.

Sasa zile mbili zinazogombaniwa.

Toyota Long Life Coolant, nyekundu, ndiyo iliyotoka kiwandani na magari mengi ya miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ile ya asili ni nzito, haijachanganywa, na mwenye gari ndiye anayeongeza maji. Lita 4 zinatoa lita 8 za kutumia. Hubadilishwa kila miaka 2 au kilomita 40,000. Angalia lakini: nyekundu nyingi zilizopo madukani siku hizi zimekwisha changanywa, ingawa galoni linafanana. Ukiona "50/50" au "pre-mixed", hiyo usiiongeze maji hata tone.

Toyota Super Long Life Coolant, pinki, ilikuja baadaye ikiwa imekwisha changanywa nusu kwa nusu na maji safi. Kwenye gari jipya hudumu kilomita 160,000 kabla ya kubadilishwa mara ya kwanza, kisha kila kilomita 80,000. Unafungua, unamimina, umemaliza.

Kwenye karatasi pinki inashinda. Kwenye gari la miaka 20 tunachagua nyekundu nzito, na sababu si ushabiki. Umri mrefu wa pinki una faida kama mfumo utakaa umefungwa muda wote huo. Gari la zamani halikai limefungwa: leo mpira wa rejeta umepasuka, mwakani wota pampu inavuja, baadaye tangi la plastiki la rejeta linapata ufa. Kila ukifunguliwa unamwaga kulanti uliyolipia umri mrefu. Ya miaka miwili inatosha kabisa, na ukigawa bei ya galoni kwa lita zinazopatikana baada ya kuchanganya, mara nyingi nyekundu nzito ndiyo nafuu.

Sababu ya pili ni ya hesabu, na ndiyo inayowaponyoka mafundi wengi. Injini za 1.3 hadi 1.5 kama 1NZ hubeba takribani lita 5, za 1.8 hadi 2.0 hubeba lita 6 au 7. Ukifungua plagi ya chini ya rejeta, hazitoki zote. Tuseme zimetoka 3, lita 2 zimebaki kwenye bloku, yaani mwili wa injini, na kwenye hita. Kama ulikuwa unasuuza kwa maji, hizo lita 2 ni maji matupu. Ukimimina lita 3 za pinki, kulanti halisi iliyoingia, ukitoa maji yake, ni lita 1.5 ndani ya lita 5, yaani asilimia 30. Asilimia 30 si msiba, kwenye joto la pwani inatosha, lakini ndiyo mpaka wa chini. Ukiongezea maji lita moja barabarani umeshatoka nje ya ulinzi. Ukiwa na nyekundu nzito, unamimina lita 2.5 kwanza, kisha unajazia maji ya betri nusu lita, na umepata 50 kamili. Mwenye kutumia pinki afungue na plagi ya bloku, au avumilie mchanganyiko mwepesi.

Pinki tunaipendekeza mahali pamoja: pale usipomwamini anayechanganya. Fundi anayejaza kutoka kwenye dumu la kisima ataharibu nyekundu nzuri kwa nusu saa. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, na chumvi hula alumini kwa vitobo vidogo vidogo. Maji yenye chokaa nayo hukamatana na fosfeti, ukoko ukaziba vijia vyembamba vya rejeta. Tumia maji ya betri, yale yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke. Soma chupa vizuri, kwa sababu asidi ya betri hukaa rafu ileile.

Nje ya Toyota, Zerex Asian ya Valvoline ina fosfeti na haina silikati, inaingia bila shida. Honda Type 2 ya bluu na ile ya bluu ya Nissan nazo ni za ukoo huohuo; ukikwama njiani na Vitz, bluu ya Honda ni bora kuliko maji ya bomba. Zile zilizoandikwa "zinafaa magari yote, rangi zote" tunazipa alama za kati: nyingi ni za asidi za ogani peke yake, zinafanya kazi polepole pale ambapo alumini imeshaanza kuliwa, na aina fulani ya asidi hizo hulainisha baadhi ya gasketi kuukuu. Kama ndiyo iliyopo, mwaga yote ya zamani kwanza. Usichanganye. Silikati ikikutana na dawa ya ukoo mwingine inaweza kuganda kama uji, na hata isipoganda, dawa zinapunguzana nguvu. Ya kijani isiyo na maelezo yoyote mgongoni, iache hapohapo rafuni.

Maji ya rangi yanayouzwa kama kulanti yapo tele, na kuyakamata si kazi. Chukua mizani ya jikoni, weka chupa tupu ya lita moja, rudisha mizani sifuri, kisha jaza lita kamili. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu huwa na takribani kilo 1 na gramu 70. Nzito hukaribia kilo 1 na gramu 120. Ikisoma kilo moja kavu, umenunua maji. Kipimo cha pili ni friza ya nyumbani, ambayo huwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri: ya asilimia 50 itabaki majimaji, ya 30 itakuwa kama barafu iliyosagwa, maji ya rangi yatakuwa jiwe. Chupa iwe imefungwa, imeandikwa, na imetengwa na chakula. Glaikoli, kimiminika kikuu cha kulanti, ni sumu yenye ladha tamu, watoto na mbwa huinywa wakidhani ni sharubati. Vipimo hivi vinanasa maji, havisemi chochote kuhusu dawa ya kutu, kwa hiyo bado nunua duka unalolijua.

"Nchi ya joto haigandi, kulanti ya nini?" Swali ni halali. Jibu liko kwenye kuchemka na kutu. Maji matupu Dar huchemka nyuzi 100, na Nairobi, kwa mwinuko wake, karibu 94 au 95. Thamostati ya Toyota, vali inayoruhusu maji ya moto yaende kwenye rejeta, hufunguka kuanzia takribani 82, hivyo nafasi ni ndogo. Nusu kwa nusu huchemka karibu 107, na mfuniko wa rejeta wenye shinikizo la 0.9 unaisukuma hadi maeneo ya 125. Kumbuka kwamba kazi kubwa hapo ni ya mfuniko. Mfuniko wenye mpira uliokakamaa unaifuta faida yote hiyo, na kulanti ghali haitakusaidia. Soma namba iliyogongwa juu, 0.9 au 1.1, ununue ileile. Usizidishe kulanti nzito pia ukidhani ndiyo kuimarisha: glaikoli hubeba joto vibaya kuliko maji, na tupu kabisa injini hupata moto zaidi.

Kubadilisha kwenyewe, injini iwe baridi kabisa. Weka hita kwenye joto la juu, fungua mfuniko, weka beseni chini, legeza plagi ya rejeta kwa mkono. Ni ya plastiki, ukiibana kwa plaizi itakatika. Mwaga na chupa ya akiba pia, watu huisahau na ndiko tope liliko. Jaza maji, washa mpaka thamostati ifunguke na rejeta ishike moto, zima, acha ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe, na suuzo la mwisho liwe la maji ya betri. Sabuni ya unga hutoa povu, na magadi hula alumini, usithubutu. Kutu ikiwa nene, tumia dawa ya kusafishia rejeta kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, si kwa wiki nzima.

Gari lililonyweshwa maji ya bomba miaka kumi linaweza kuanza kuvuja siku mbili baada ya kutiwa kulanti nzuri. Lawama huangukia kulanti. Ukweli ni kwamba kutu ndiyo iliyokuwa imeziba plagi za bloku na viungo vya mipira, na wewe umeisafisha. Afadhali ivuje nyumbani. Usiizibe kwa binzari wala ute wa yai. Vinakwenda kuziba hita na vijia vya rejeta kabla ya kuziba tundu.

Ukijaza, mimina taratibu, gari pua juu kama kuna mteremko. Minya mpira wa juu mara kadhaa mpaka mapovu yaishe. Baadhi ya Nissan na Honda zina boliti ndogo ya kutolea hewa karibu na thamostati, ifungue mpaka kulanti itoke bila kupiga povu. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, ongeza kadiri inavyoshuka, ikikaribia kufurika funga. Hita ikitoa hewa ya moto kweli, hewa imetoka kwenye mfumo. Ikitoa baridi, bado.

Thamostati irudishwe. Ule msemo wa gereji kwamba huku hatuihitaji umeua gasketi nyingi. Kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ina sahani ya pili chini yake, inayofunga njia fupi pindi maji yakipata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka kwenye njia fupi bila kupita kwenye rejeta, gari linachemka mlimani. Ukifunga mpya, kile kipini kidogo kinachocheza kielekee juu, maana ndicho kinachopitisha hewa.

Kama una malta mita, kifaa cha kupimia umeme, kuna kipimo cha mwisho cha kulanti iliyoko ndani sasa. Waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu uchovye kwenye kulanti bila kugusa chuma cha rejeta, injini ikiwa imezimwa na baridi. Chini ya volti 0.1 ni salama. Ikifika 0.3, dawa imekwisha au kuna waya wa ardhi mbovu unaopitisha umeme kwenye maji, na alumini ndiyo inayolipa.

Asubuhi ya pili, kabla ya kuwasha, tazama chupa ya akiba. Kushuka kidogo ni kawaida, hewa iliyobaki imejipanga. Jazia hadi kati ya LOW na FULL. Ikishuka tena siku ya tatu, mulika tochi kwenye wota pampu: ukoko wa pinki au mwekundu uliokauka chini ya kitundu chake maana yake sili imekwisha. Tone jekundu chini ya gari lisikutishe kabla hujaligusa. Oili ya gia otomatiki nayo ni nyekundu, lakini hiyo inateleza na kunuka mafuta. Kulanti inanata kidogo ikikauka na hutoka kwa maji peke yake. Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu na nyekundu tu, na nyekundu ikiwaka, joto limeshapita kiasi: simama, zima, na mfuniko usiuguse kwa muda wa saa nzima.