Fonti nene ya mlazo kwa bango la duka: tazama ritifaa kwanza

Bango la shangazi ndilo lililonitia adabu. Ana duka la maziwa, akanipa kazi ya kumtengenezea bango, nami nikanunua flashi ya "fonti elfu tano" kwa kijana mmoja wa mtaani. Nikachagua moja nene, ya mviringo, imelala kidogo kama mtu aliyeshiba. Kwenye kompyuta ilipendeza kweli. Bango la mita tatu lilipotundikwa, mtoto wa jirani akasoma kwa sauti: "Maziwa ya Ng... Ombe." Kisha akauliza, "Ombe ndiye nani?"

Ritifaa hiyo, kile kialama (') cha ng'! Wachoraji wengi wa fonti wamezoea ritifaa inayofuatwa na s au t, kama it's na don't za Kiingereza. Nafasi kati ya g, ritifaa na o hawakuipima. Kwenye herufi nyembamba hutagundua. Kwenye nene, ritifaa ni donge kama harage, na mlazo unaisukuma kulia mpaka inakalia kichwa cha o, huku chini likibaki pengo la kupitisha bodaboda. Na kwetu ritifaa si pambo. Ng'oa na ngoa ni maneno mawili, mtengeneza meno asije akayachanganya mlangoni kwake.

Kwa hiyo nakupangia fonti mbili kwa ritifaa; uzuri sitaujadili, macho unayo.

Namba moja ni Cooper Black Italic, na upendeleo wangu siufichi. Oswald Bruce Cooper wa Chicago alitoa Cooper Black iliyosimama mwaka 1922. Ya mlazo ikafuata miaka hiyohiyo ya 1920. Haina ncha kali popote, kila pembe imeviringwa kama andazi, ndiyo maana inakaa vizuri kwenye chakula, sabuni na nguo za watoto. Usiipe aya nzima, itakuchosha. Maneno mawili matatu yanatosha. Kwa ritifaa, faida yake ni kwamba herufi hazijaungana: pengo likitokea unasogeza o kwa mkono na hakuna kinachokatika. Ila angalia: kompyuta nyingi zenye Office zina ile iliyosimama tu. Ukibonyeza kitufe cha I cha kulaza herufi, mashine inaisukuma tu iangukie upande, mviringo unapinda kama chapati iliyokaliwa. Mlazo halisi umechorwa upya, herufi kwa herufi.

Namba mbili ni Lobster ya Pablo Impallari, ya mwaka 2010, bure kwenye Google Fonts. Herufi zake zimeshikana mikono. Ritifaa ikiingia kati, mikono inaachana. Kwa "Saluni ya Mama" haina neno. Kwa ng'ombe, hapana. Na mtaani imeshachosha.

Flashi? Usinunue.

Sasa wauzaji wa leseni za fonti. Unalipia kuitumia kwenye kompyuta, kisha tovuti peke yake, kisha programu ya simu peke yake, vyote kwa dola, kama vile herufi a ya tovuti imezaliwa na mama mwingine. Halafu sampuli zao zote ni za Kiingereza. Kabla hujalipa, andika mwenyewe kwenye kisanduku cha kujaribia: "Ng'ombe wa ng'ambo aling'oa kigingi." Kisanduku kikikataa, funga ukurasa.

Mchapaji alitaka nilipe bango zima upya. Shangazi akachukua rangi ya kucha nyekundu, akapanda kwenye stuli, akachora ritifaa yake.